Rekodi Uone

Aliniambia, "Rekodi uone." Nikarekodi. Nikaona.

Hiyo ndiyo wiki iliyopita kwa ufupi, kwa faida ya wale ambao gazeti lao lilifungiwa misumari dukani kabla hawajalisoma. Mlionisoma mnivumilie kidogo niwaweke wenzenu sawa.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nina gari dogo lenye herufi L mbele na nyuma, breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu, na kinasa sauti nilichokigandisha kwa gundi juu ya dashibodi. Kila somo hurekodiwa tangu gari linapowashwa mpaka linapozimwa, ili mwanafunzi akajisikilize nyumbani na kuona aibu mwenyewe bila mimi kumgombeza. Wote huambiwa hivyo siku ya kwanza, na wote hukubali.

Asubuhi ile mwanafunzi alikuwa mama mkwe wangu. Akatusimamisha askari wa barabarani ambaye madereva humwita Tabasamu, kwa sababu hutabasamu akikuona na hutabasamu zaidi akikukuta na kosa. Akauona mkongojo wa mama kiti cha nyuma, akauliza mlemavu anaendeshaje gari la kawaida. Mama akamjibu vikali kwamba miguu yake ni mizima yote miwili. Tabasamu akalizunguka gari, akaja dirishani kwangu, akasema jua ni kali na yeye hajanywa chai tangu alfajiri. Nikamwonyesha kinasa sauti. Nikamwambia kwa adabu zote, afande, hiki kinarekodi.

Ndipo akalisema lile neno lake.

Sasa nieleweni. Mimi kutwa kucha kazi yangu ni kusema "uone". Achia klachi taratibu uone. Kanyaga breki uone inavyokamata. Tazama kioo uone nani yuko nyuma yako. Kwangu mimi "uone" ni somo, ni kukaribishwa. Kwa hiyo Tabasamu aliposema nirekodi nione, nilimjibu, "Asante, afande," nikamwomba asogee ili sauti yake itoke vizuri.

Hapo ndipo mliponiacha, kwenye benchi la kituo cha polisi, nimevuliwa mkanda wa suruali, nikituhumiwa kumrekodi askari bila ridhaa yake.

Gari langu lilikuwa uani. Kosa lilikuwa la kinasa sauti tu, lakini kinasa kiligoma kubanduka, basi wakakata shauri kwamba gari zima ni kielelezo. Askari aliyelizungushia utepe alikuja kuniuliza kama redio ya gari inafanya kazi. Nikamwambia inafanya. Akashukuru, akarudi uani kukilinda kielelezo.

Nikitiwa hatiani, leseni yangu ya kufundisha inafutwa, na mimi sijui kazi nyingine duniani. Nilijaribu kuuza viatu zamani, nikawa nawaambia wateja wasikanyage kwa pupa. Kilichoweza kuniokoa kilikuwa kimoja tu, ile rekodi. Ndani yake Tabasamu anaomba chai kwa sauti yake, na ananiambia mwenyewe nirekodi. Ikisikilizwa, mimi natoka na gari langu.

Na jambo ambalo nilikuwa namwomba Mungu lisitokee kabisa ni hilohilo, isikilizwe.

Niruhusuni nieleze, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Mama mkwe anaishi kwetu. Aliteleza bafuni akavunjika mguu wa kushoto, tukamchukua. Mke wangu ni mtaalamu wa maabara, na wakati huohuo hospitali moja ya mbali sana ilimtaka akawe mkuu wa maabara yao. Akakataa. "Nani atamkanda mama mguu?" aliniuliza. Kila jioni anarudi kazini amechoka, anachemsha maji, anapiga magoti sakafuni, anamkanda mama yake. Mama anaguna. Mimi nipo kwenye kochi, natazama.

Mguu ulishapona zamani.

Nilikuja kujua pale mama aliponiomba kwa siri nimfundishe gari, apate kwenda anakotaka bila kumwomba mtu. Nilimwonya kwamba klachi inataka mguu wa kushoto wenye nguvu. Akaikanyaga mpaka nikaogopa itatokea upande wa pili. Nikamgeukia. Akasema, "Mwanangu, akijua nimepona ataondoka."

Ningemwambia mke wangu jioni ileile. Sikumwambia. Siwezi kumlaumu mama peke yake, kwa sababu mguu ule ulinifaa na mimi pia. Nampenda mke wangu na sikutaka aende. Ile hospitali bado inampigia, haijampata mtu, na kila simu yake ikilia mimi ndiye wa kwanza kutazama nani anapiga.

Sasa sikieni kilichomo kwenye rekodi ya asubuhi ile kabla Tabasamu hajatokea. Tuko kwenye mzunguko, malori yanatupita kulia na kushoto. Simu ya mama inalia. Tumeiunganisha na spika za gari kwa sababu mikono yake haibanduki kwenye usukani. Ni mke wangu.

"Mama, umeamkaje? Uko wapi?"

"Nipo kitandani, mwanangu. Mguu umenikaba leo."

"Na hizo honi?"

"Jirani ana wageni."

Simu ikakatika. Mama akashusha pumzi, akaniuliza, "Hivi nikifika nyumbani nachechemea mguu upi?"

Na hapo inasikika sauti ya mwanamume mzima, mwenye akili timamu na ndevu, ikijibu: "Wa kushoto, mama. Siku zote ni wa kushoto. Jana ulichechemea wa kulia, nikatokwa jasho."

Sauti hiyo ni yangu.

Mchana tukaitwa ofisini kwa mkuu wa kituo, mimi kama mtuhumiwa, Tabasamu kama mlalamikaji, mama mkwe kama shahidi. Ofisi ina meza kubwa na feni inayopepea upande wa mwenye ofisi tu. Ukutani pamebandikwa tangazo: ENEO HILI LINAREKODIWA. Juu ya tangazo kuna kamera.

"Afande," nikauliza, "na hiyo kamera iliniomba ridhaa?"

Mkuu wa kituo ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliivaa, akaitazama kamera kwa makini.

"Hiyo haijawahi kufanya kazi tangu ifungwe," akasema. "Kwa hiyo haivunji sheria. Kaa."

Nikakaa. Huyu mama si mla rushwa na si mkorofi, nimtendee haki. Anaipenda sheria kwa moyo wote, anaisoma mpaka nukta na mikato, na anataka kuitii yote kwa mpigo. Hilo ndilo lililotufikisha tulikofika.

"Mwalimu," akaita.

"Naam," nikaitika.

"Naam," akaitika mama mkwe. Mama alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na hajawahi kukubali kwamba ninachofundisha mimi ni ualimu.

"Mwalimu wa magari," afande akarekebisha. "Unasema askari wangu alikuruhusu umrekodi."

"Ndiyo, afande. Imo kwenye rekodi."

"Sheria inasema ni kosa kusikiliza rekodi iliyofanywa bila ridhaa."

"Ilifanywa kwa ridhaa."

"Ushahidi wako?"

"Umo kwenye rekodi."

"Ambayo siwezi kuisikiliza mpaka nijue ilifanywa kwa ridhaa."

"Na huwezi kujua mpaka uisikilize."

"Umeelewa," akasema, na uso wake ukanawiri kweli. "Wengi nikiwaeleza hawanipati."

Tabasamu alikuwa amesimama mlangoni, na meno yakaanza kuonekana. Mimi nusu yangu ilitaka kulia, nusu ilitaka kumkumbatia yule mama. Leseni ilikuwa inaondoka, lakini mke wangu alikuwa anabaki.

Basi Tabasamu, badala ya kunyamaza, akaamua kusaidia.

"Afande, mbona jambo lenyewe dogo. Mtu ukimwambia 'rekodi uone', huo ni ukali wa kawaida wa kazi. Si ruhusa."

Afande akainua kalamu.

"Kwa hiyo ulisema," akasema mkuu wa kituo.

Meno yakarudi ndani. Tabasamu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfungua mdomo.

"Sasa tunapiga hatua," afande akaendelea. "Maneno yamekubaliwa na pande zote mbili, hakuna haja ya kuyasikiliza. Imebaki maana yake. Shahidi, nimeambiwa ulikuwa mwalimu wa Kiswahili."

Jamani, ungemwona mama. Alisimama. Aliuacha mkongojo kitini, akatembea mpaka ukutani bila shida yoyote, akageuka kututazama wote kama darasa lililofeli.

"Wewe kijana," akamnyooshea Tabasamu kidole. "Mtu akikuambia 'njoo ule', amekutisha?"

"Hapana, mwalimu."

"Akikuambia 'kaa upumzike'?"

"Amenikaribisha, mwalimu."

"'Rekodi uone'?"

Tabasamu akafikiri. Aliyewahi kufundishwa na mama wa aina ile anaijua ile hofu, cheo hakiiondoi. "Lakini mwalimu, kuna 'thubutu uone'. Kuna 'niguse uone'."

"Ulisema thubutu?"

"Hapana."

"Ulisema akuguse?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi usiniletee maneno ambayo hukuyasema. Kitenzi cha kwanza kinaamuru. Cha pili kinaeleza faida ya kutii. Rekodi, ili uone. Hiyo ni ruhusa, tena ya mtu mwenye nia njema."

Nilijisikia fahari nikasahau kabisa hatari iliyopo. Mama huyu, ambaye hunikosoa hata ninavyosema "habari za asubuhi", leo alikuwa ananitetea mbele ya serikali.

Mkuu wa kituo akagonga meza kwa kalamu. "Nimeridhika. Ni ruhusa, rekodi ni halali. Sasa tutaisikiliza."

"Kuanzia pale alipotusimamisha," mama akasema, bado yuko ukutani.

"Kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mbele ya kila mtu anayesikika humo. Rekodi iliyorukwa neno si ushahidi."

"Mwanzo upi?"

Afande akanigeukia mimi.

"Gari linapowashwa," nikasema kwa sauti ndogo.

Mama aliambiwa siku ya kwanza, lakini yale malori yalimsahaulisha. Sasa alikumbuka, nikamwona anavyokumbuka. Akarudi kitini kwake taratibu, safari hii akichechemea. Wa kulia.

"Afande," akasema alipokwisha kukaa, "kuna jambo nimelisahau. Uzee. Kuna suala la kiimbo."

"Kiimbo?"

"Maneno ni yaleyale, lakini sauti ikishuka mwishoni ni ruhusa, ikipanda ni tisho. Kijana huyu aliipandisha."

"Kwa hiyo ni tisho?"

"Tisho kubwa. Mimi mwenyewe nilitetemeka."

Nikamtazama mama mkwe. Akatazama feni. Dakika moja nyuma nilikuwa mtu huru, na sasa nilikuwa mhalifu kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa sauti.

Lakini aliyeshtuka zaidi yangu alikuwa Tabasamu.

"Tisho? Mama, kumtisha raia akiwa barabarani mimi napokonywa cheo. Ilikuwa ruhusa. Niliruhusu kwa moyo mweupe."

"Uliipandisha sauti," mama akasema.

"Niliishusha."

"Kijana, nilikuwa nimekaa pale."

"Na sauti ilikuwa yangu, mwalimu. Niliishusha mpaka chini."

Hebu nipigieni picha. Mlalamikaji anaapa kwamba aliniruhusu, na shahidi wangu mwenyewe, mama wa mke wangu, anaapa kwamba sikuruhusiwa. Nilitaka kuuliza kama naweza kubadilishana nao viti.

Mkuu wa kituo alivua miwani akaipangusa. "Haya yote yanaweza kuisha kwa amani," akasema. "Sheria inakubali ridhaa inayotolewa baadaye. Kila mwenye sauti kwenye rekodi akiridhia leo, mbele yangu, rekodi inakuwa halali hata kama asubuhi haikuwa. Mmoja akikataa, siisikilizi, na jalada la mwalimu wa magari linaenda mahakamani kama lilivyo. Tuanze na mlalamikaji."

Tabasamu akapiga hesabu zake hadharani, midomo ikicheza. Akikataa, amekiri tisho. Akikubali, chai itasikika.

"Naridhia," akasema mwishowe. "Chai ni kinywaji."

"Mtuhumiwa?"

Ningesema "naridhia" kabla hajamaliza neno, kama ningekuwa mtuhumiwa wa kawaida. Nikaanza kuhesabu mabawa ya feni. Afande akanitazama kwa mshangao wa haki kabisa.

"Umekamatwa kwa kurekodi," akasema, "na sasa hutaki ulichorekodi kisikike?"

"Naomba nizungumze kidogo na shahidi, afande. Ni mambo ya kifamilia."

Akatupa dakika chache za ukumbini. Tukakaa kwenye lilelile benchi langu, mama na mkongojo wake, mimi na suruali yangu nimeishika kwa mkono.

"Mama," nikaanza, "ukikataa wewe, sitakulaumu."

Mbele yetu mtu alikuwa anaripoti kuibiwa baiskeli, na askari wa kaunta alikuwa anamuuliza kama ana picha ya mwizi, na kama anayo, aliipiga kwa ridhaa ya nani.

"Namaanisha mama una haki," nikaendelea. "Ni sauti yako. Sheria inakulinda. Ukisema hapana, hakuna atakayekuuliza kwa nini."

"Wewe unataka nikatae."

"Sijasema hivyo."

"Unataka nikatae mimi, leseni ipotee, halafu jioni umwambie mkeo kwamba ulitaka kujitetea mama yake akakunyima. Yeye abaki nyumbani, na lawama nibaki nayo mimi." Hakupandisha sauti wala hakuishusha. "Mimi ni mwongo, mwanangu, ninakubali. Nimemdanganya mtoto wangu kwa sababu nilipokuwa nimelala kule bafuni sakafuni, hakuna aliyenisikia, na tangu siku hiyo naogopa nyumba isiyo na mtu. Huo ni uoga wangu, nitaubeba. Lakini na wako usinibebeshe."

Jamani, niliumia. Niliumia kwa sababu hapakuwa na neno hata moja la kukosoa, na mimi nilikuwa nalitafuta.

"Akienda, mama, itakuwaje?"

"Atakuachia mimi," akasema. "Tutaona nani atakayeguna jioni."

Akasimama bila mkongojo, akaingia ofisini mbele yangu. Nilipofika mlangoni, mkongojo wake mkononi, nilimsikia anasema, "Naridhia, afande. Yote, kuanzia linapowashwa." Na alivyogeuka kunitazama, sikuwa na njia.

"Naridhia," nikasema na mimi. Sauti yangu ilishuka yenyewe.

Mkuu wa kituo akaweka alama tatu. "Mko watatu. Kuna sauti nyingine yoyote humo?"

Ningeweza kusema hapana. Namshukuru Mungu au namlaumu, sijui, lakini Tabasamu aliniwahi. "Walikuwa wawili tu garini, afande."

"Sikuuliza garini. Nimeuliza kwenye rekodi."

"Kuna simu," mama akasema. "Binti yangu alipiga."

"Ndiye mkewe mtuhumiwa? Basi tuna bahati. Nilimwita alete kitambulisho cha mumewe, yuko kaunta."

Mke wangu aliingia na koti jeupe la maabara, hakuwa amepata hata nafasi ya kulivua. Alimwamkia afande, akamwamkia mama yake, halafu akanishika bega, akauacha mkono wake pale. Mama alikuwa ameshaninyang'anya mkongojo, ameshaketi, ameshaunyoosha mguu. Mazoea yana nguvu.

"Mama, na wewe umekuja? Umejikokotaje mpaka huku?"

"Polepole," mama akasema.

Mkuu wa kituo akamweleza mambo kwa ufasaha, maana kueleza sheria ndiyo raha yake. Mumeo anatuhumiwa. Iko rekodi inayoweza kumsafisha. Wote waliomo wameridhia isikilizwe, umebaki wewe. Ukiridhia, itasikilizwa hapahapa, na wewe ukiwepo. Ukikataa, ni haki yako, ila leseni yake ndiyo hiyo.

"Mimi nimo?" mke wangu akauliza. "Nilisema nini?"

"Siruhusiwi kukuambia kilichomo kabla hujaridhia. Litakuwa kosa."

"Ilirekodiwa wapi?"

"Ndani ya gari la mumeo, leo asubuhi."

Nilihisi mkono wake begani ukitulia. Mke wangu kazi yake ni kuangalia tone moja la damu na kusema mtu ana nini. Haraka hana, lakini hakosei.

"Leo asubuhi sikumpigia mume wangu," akasema. "Nilimpigia mama."

Tabasamu alianza kutazama kucha zake.

"Na mama alikuwa kitandani."

"Siruhusiwi kukuambia," mkuu wa kituo akarudia, na nadhani kwa mara ya kwanza sheria ilimkera kidogo.

Mke wangu alimtazama mama yake, kuanzia juu kushuka chini, mpaka miguuni. Mama alikuwa amevaa viatu vya kamba vyenye soli ngumu, kwa sababu mimi simruhusu mwanafunzi yeyote kuendesha na kandambili. Mke wangu huvivua viatu vya mama kila jioni kabla ya kumkanda. Vile hakuwahi kuviona.

Mama akafumba macho. "Mwanangu," akasema.

"Nakuja kwako, mama. Subiri." Aliuondoa mkono begani kwangu. Akavuta kiti, akakaa akinielekea, magoti yetu yakikaribia kugusana, na akaongea kwa upole ambao ungekuwa nafuu kama ungekuwa ukali.

"Mume wangu, sikiliza. Hiyo leseni ndiyo maisha yako, najua. Lakini kama kuna kitu humo ambacho hutaki nikisikie, sema neno moja tu, nitakataa. Leseni iende. Tutaishi kwa mshahara wangu, na nakuahidi sitauliza tena siku zote za maisha yangu. Nikikataa, ni kwa ajili yako. Lakini kabla sijajibu, niambie kitu kimoja, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Huo mguu, ulijua?"

Nikafungua mdomo.

"Ngoja," akasema mkuu wa kituo. Alitoa simu yake mfukoni, akaifuta kioo kwa mkono wa sare, akaiweka mezani kati yangu na mke wangu, akabonyeza kitu. Taa ndogo nyekundu ikawaka. "Jibu hilo ni sehemu ya maelezo yako, kwa hiyo nalirekodi. Sheria inanitaka nikuulize kwanza. Unaridhia?"

Nikawatazama wote. Hakuna aliyenisaidia.

"Anaridhia," akasema mke wangu. "Haya, mume wangu. Sema nisikie."